Damu ya Sinema Haina Harufu

Sijapata kumwona mtu mwingine anayeweza kuchambua papa mkavu kwa vidole, akatia mdomoni, akalamba chumvi kwenye kidole gumba, na huku mbele yake kwenye televisheni kuna mtu anachunwa ngozi ya mgongo. Mwalimu aliweza. Tena alikuwa akinisogezea sahani.

"Kula, Sista. Huyu wa leo anakawia kufa, tutashikwa na njaa."

Nilikataa kila mara, na kila nilipokataa alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Kinyaa changu kilikuwa sehemu ya burudani yake. Nilikunja uso, nikafumba jicho moja, nikasema, "Ai, Mwalimu, hii kitu ni chafu! Zima!" Naye aliirudisha nyuma kidogo kwa rimoti ili nione vizuri. Sikuwa nikiigiza. Mpaka leo nikikutana na shombo ya papa sokoni Ruwi, mtaa ninakokaa, naona utumbo. Sizipendi sinema hizo, sijawahi kuzipenda, na sitaki mtu anieleze kwamba ni sanaa. Mtu mzima anakaa chini, anafikiri, anachanganya rangi nyekundu na sijui uji gani, ili mtu mwingine ajisikie kutapika. Hiyo ni kazi gani?

Mimi ni nesi. Kampuni iliyonileta Muscat kutoka Kenya hutupeleka majumbani kwa wagonjwa, na kwa miaka kadhaa nilikwenda kwa Mwalimu, Mwomani wa ukoo unaosema Kiswahili, mtaa wa Ghubra, mara tatu kwa wiki. Nilikwenda kumsafisha kidonda. Alikuwa na kisukari cha siku nyingi, na chini ya mguu wake wa kulia, karibu na kisigino, palikuwa na shimo lililofunga na kufumuka, likafunga na kufumuka tena. Kazi yangu ilikuwa kuliosha, kuondoa nyama iliyokufa, kulifunga upya, na kuhakikisha usaha haufiki kwenye mfupa. Ukifika kwenye mfupa, mguu unakatwa, na asiyekubali kukatwa anakufa. Hilo nilimwambia wiki ya kwanza, na daktari alikuwa ameshamwambia kabla yangu. Aliitikia kwa adabu, kama mtu anayetajiwa bei ya nyumba asiyokusudia kuinunua.

Sasa, mwanamke huyu aliyeweza kutazama kichwa cha mtu kikibingirika ngazini huku akitafuna, hakuweza kuutazama mguu wake mwenyewe. Simaanishi kwamba hakupenda kuutazama. Hakuutazama kabisa. Nilipofungua bendeji, macho yake yaliondoka. Miezi mingine alifungua gazeti la Kiarabu na kulisimamisha mbele ya uso wake, akageuza kurasa upesi kuliko mtu anavyoweza kusoma. Mwezi wa kumi alikuwa na mahali bora zaidi pa kuyaweka.

Huo mwezi wa kumi uliletwa na mpwa wake, mtoto wa kaka yake, aliyekaa naye nyumba moja na kufanya kazi wizarani Al Khuwair. Alimlipia shangazi yake huduma ya filamu za mtandaoni akidhani atatazama vipindi vya mapishi. Ukiingia Oktoba, kwa ajili ya hiyo Halloween ya wazungu, ukurasa wa mbele wote hujaa mizimu, na huko madukani maboga ya plastiki hupangwa mlangoni karibu na maji ya kunywa. Mwalimu alibonyeza ya kwanza kwa udadisi. Tangu hapo hakukosa hata siku moja ya mwezi huo, mwaka baada ya mwaka.

"Mwezi wa kumi wazungu wanawafungulia mashetani wao," alisema. "Na mie sina pa kwenda. Nawapokea."

Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, jua bado kali nje, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Kabla sijafungua begi langu alichoma udi kwenye chetezo, akakisogeza karibu na kiti chake mpaka moshi ukapanda nguoni. Nilijua udi ule ulikuwa wa nini. Nilipaswa kukiona kidonda na kukinusa pia, kwa sababu harufu humwambia nesi mambo, lakini pale nilinusa udi, na papa, na chini kabisa, kwa mbali, kile nilichokuja kukitafuta. Nilirudi Ruwi na mchanganyiko ule kwenye nywele, na kwenye basi watu walisogea.

Lakini huwezi kusema alikuwa mchafu. Kwa usafi alikuwa mkali kama askari jela. Alifundisha bayolojia shule za wasichana mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu alikagua kucha za kila aliyeingia. Mpwa wake mwenyewe, mtu wa kanzu nyeupe na cheo, alionyesha mikono kabla ya kukaa mezani. Siku ya kwanza aliigeuza yangu, juu na chini, akasema, "Mashaallah, hii mikono imesoma." Hakuniruhusu kugusa mguu kabla sijanywa kahawa, na kahawa hiyo niliinywa nimekaa kwenye kochi, si jikoni nimesimama kama katika nyumba nyingine nilizopelekwa, ambazo sitazieleza. Nikiharakisha, alisema, "Kidonda hakikimbii, Sista. Kahawa inapoa." Alinimiminia mwenyewe, akingoja nitikise kikombe kuonyesha nimetosheka, na nilipokuwa mgeni na sijui kukitikisa, aliniacha ninywe vikombe vingi mno kabla hajanifundisha. Alisema alitaka kuona nitafika wapi.

Alikuwa na tabia ya kuzipa sinema alama. Kila ilipoisha, alihukumu.

"Maiti wa leo, nne. Hajasoma. Maiti gani anapumua? Tazama kifua kile. Mzimu, sita, ana sauti nzuri. Yule msichana anayekimbilia chini ghalani badala ya kutoka nje, sifuri, na mzazi wake aje shuleni."

Alianza mwezi na zile za zamani, zisizo na rangi, akapanda taratibu mpaka kwenye za sasa, kama anafuata mtaala. Za zamani alizipenda kwa dhati. Alisema zilikuwa na adabu: mlango unafungwa, unasikia ukelele, kivuli kinapita ukutani, basi, mengine unajaza mwenyewe. Hata mimi ningevumilia hizo, kama si zile kucha ndefu na zile sura zilizopakwa unga. Za sasa alizitazama kwa hasira, akizisema vibaya, lakini alizitazama zote. "Hawa hawatishi," alilalamika. "Hawa wanachinja tu. Bucha hili." Na mkono unarudi kwenye sahani.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anajitesa na bucha. Akasema, "Damu ya sinema haina harufu, mwanangu. Unaitazama mpaka mwisho, unazima, unakwenda kutawadha."

Majini hakuyatania. Hapo ndipo aliponichanganya. Mtu anakaa na mashetani wa kila rangi jioni nzima anawapa alama, kisha anakwenda jikoni, na kabla ya kumwaga maji ya moto kwenye sinki anasema bismillahi kwa sauti, asije akawaunguza walioko humo chini. Nilipocheka, alinikaripia. "Wale wa kwenye televisheni wanalipwa, Sista. Hawa wa hapa hawalipwi." Na boga la plastiki hakulitaka ndani ya nyumba yake. Watoto wa jirani walipogonga siku moja wamevaa meno ya bandia na majoho, wakitaka peremende, aliwauliza kama wameswali Alasiri. Walikuwa hawajaswali. Aliwarudisha kwao, halafu akawatumia halwa kwa mkono wa mpwa wake, ya kutosha nyumba nzima.

Huyo mpwa naye alikuwa na yake. Hakuweza kukaa chumbani kwa sinema wala kwa kidonda. Damu yoyote, ya kweli au ya rangi, ilimtoa mbio. Alisalimia kutoka mlangoni, macho yakiwa kwenye dari. "Shangazi hajambo? Sista, mguu vipi?" Na kabla sijajibu, ameshaondoka. Nilimkasirikia sana mtu yule. Kila nilipomwambia mguu vipi, nilikuwa naiambia kanzu yake kwa nyuma.

Nimeulizwa na manesi wenzangu kidonda kile kilianzaje, na hadithi yenyewe bado inanikera. Kisukari kilikuwa kimeua hisia za nyayo zake. Ungeweza kumchoma sindano asijue. Siku moja, kabla sijaanza kwenda kwake, kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye chetezo likalala kwenye zulia, naye akalikanyaga, akasimama hapo hapo akizungumza na simu. Alisikia harufu ya nyama inayoungua. Akanyanyua sauti kuuliza jikoni nani anaunguza mishkaki. Jikoni hapakuwa na mtu. Aliendelea na mazungumzo yake. Alinihadithia haya akicheka, macho kwenye televisheni, na mimi nimeshika kisigino chake mkononi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliona kichefuchefu kinapanda kwa jambo la kweli. Kidonda chenyewe hakikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba alikuwa anacheka.

Mwenye nyayo zisizosikia lazima azitazame kila siku, kwa sababu macho ndiyo maumivu aliyobakiwa nayo. Ndivyo tunavyowafundisha. Nilimnunulia kioo kidogo chenye mpini mrefu, aweze kuona chini ya mguu bila kuinama. Nikamwelekeza: asubuhi, baada ya kuoga, kisigino, unyayo, katikati ya vidole; ukiona wekundu, lengelenge, mkwaruzo, unanipigia. Alisikiliza. Akaniambia majina ya mifupa yote ya mguu, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea, kama aliyekuwa akiichora ubaoni kwa miaka. Wiki iliyofuata nikakikuta kioo kimesimamishwa kwenye rafu, anakitumia kuona nani anaingia mlangoni bila kugeuka.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," nilimwambia, maana nilikuwa nimeshachoka na maneno ya kitabibu.

"Mie sifichi," akasema. "Mie siangalii tu."

Mwaka uliopita, mwezi wa nane, kidonda kilibadilika rangi. Nilikiripoti. Daktari akampiga picha, akasema usaha umefika kwenye mfupa, mguu ukatwe chini ya goti, na usicheleweshwe. Mpwa aliposikia neno "ukatwe" alitoka nje ya chumba cha daktari. Mwalimu alikaa wima, akamshukuru daktari kwa Kiarabu kizuri, akaomba dawa za kumeza. Alimeza dawa mwezi wa nane na mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi ulipoingia, aliniambia wazi kabisa, "Niacheni nimalize mwezi wangu. Nikishamaliza, tutazungumza."

Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo mguu imeoza. Sio kuumwa. Imeoza. Ikiingia kwa damu, unakufa, na sinema utawachia nani?"

Akaongeza sauti ya televisheni.

Sijui kama nimewahi kukasirika kazini kama Oktoba ile. Mbele yangu walikuwa wakikatwa watu wasiokuwepo, viungo vinaruka, damu inamwagika kwenye kuta, naye anakemea kwamba damu ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Na magotini pangu kulikuwa na kisigino cheusi cha mtu aliyekuwepo, ninayempenda, kinachovuja, na hakuna aliyekitazama ila mimi. Nilitamani kuchukua kile kichwa chake na kukigeuza kwa mikono miwili. Nilianza kuzichukia zile sinema kwa chuki ya mtu, si ya kitu. Siku nyingine nilifunga bendeji, nikaondoka bila kuaga. Sikio la kufa halisikii dawa, nilisema barabarani, na nikaona haya kwa kulisema kuhusu yeye.

Alichoma udi mwingi zaidi. Vipande viwili, kisha vitatu, mpaka televisheni ikaonekana kwa taabu.

Ilikuwa mwezi unakaribia ukingoni, bado zimebaki sinema chache za mtaala wake. Tulikuwa tunatazama moja ya sasa, jumba na familia na kitu ndani ya ukuta; mimi nimepiga magoti na koleo mkononi. Mpwa akarudi kutoka kazini. Kwa kawaida alisalimia kutoka mlangoni na kupita. Siku ile hakusalimia. Alisimama, akaziba pua kwa upindo wa kilemba chake, akasema:

"Shangazi, nani ameacha papa akaoza humu ndani? Nyumba nzima inanuka mpaka nje getini."

Papa alikuwa pale kwenye sahani, mkavu, mzuri, wa siku ile ile. Mwalimu alimtazama papa. Akachukua kipande, akakinusa. Akakirudisha. Kwenye televisheni mtu alikuwa anapiga kelele, na Mwalimu akatafuta rimoti kwa kupapasa, akasimamisha picha.

"Siyo papa," alisema.

Mpwa alikuwa ameshaelewa. Alishika mlango, akawa mweupe, na mara hii hakuondoka. Mwalimu hakuinamisha macho. Aliyaacha kwenye televisheni, kwenye ule mdomo uliosimama wazi. Lakini mkono wake ulishuka ukanitafuta, ukakaa juu ya kitambaa changu cha kichwa.

"Kampigie daktari, baba," alimwambia mpwa wake. "Mwambie kesho."

Mguu ulikatwa. Aliuvumilia upasuaji kuliko tulivyotarajia, na baada ya siku kadhaa madaktari wakasema anaweza kurudi nyumbani. Wakamwambia mpwa pia kwamba kuna kitu kinamngoja, mguu wenyewe, akauzike, na kwamba amekuwa akiahirisha kukichukua. Mimi ni Mkristo wa bara, na hili sikulijua. Huko nilikofanya kazi mwanzo, kiungo kilichokatwa kilichomwa na hospitali, na hakuna aliyeuliza. Nikasema, "Kwani mguu huzikwa?"

"Unataka tuutupe?" mpwa akanijibu, na alikuwa na haki ya kunijibu hivyo. Ni sehemu ya mtu. Huvikwa kitambaa cheupe, huzikwa makaburini.

Aliomba ruhusa kazini siku ya kumtoa shangazi yake, amrudishe asubuhi na azike alasiri. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote. Bosi wake alimuuliza ruhusa ya nini. Kusema "nakwenda kuzika mguu" kulimshinda. Neno lenyewe lilimtia kichefuchefu. Akasema, "Nna mazishi. Shangazi." Kisha akashindwa kuendelea, machozi yakamlenga, na bosi akampa pole na kumwacha aende. Ofisini kuna watu ambao mama zao na dada zao walifundishwa na Mwalimu. Kabla mguu haujafika makaburini, habari ilikuwa imeshazunguka Muscat.

Mimi nilikuwepo, nimekuja kumfunga kwa mara ya kwanza nyumbani. Alikuwa amekaa sebuleni kwenye kile kiti chake, blanketi mapajani, upande mmoja wa blanketi umelala bapa. Mapazia yamefungwa. Oktoba ilikuwa imepita lakini mtaala haukuwa umekwisha, na hakuwa mtu wa kuacha darasa katikati. Sahani ya papa mkononi. Kwenye televisheni maiti alikuwa anatoka kaburini.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa, kama unavyofunguliwa mlango wa msiba. Wakaingia wanawake wamevaa mabuibui meusi, wengi, wanalia, wa mbele amebeba birika kubwa la kahawa, wa nyuma yake sinia la tende. Walikuwa watu wazima wenye watoto wao, wanafunzi wake wa zamani. Walikuwa wameshaanza kusema inna lillahi. Yule wa mbele akainua macho, akamwona marehemu anatafuna.

Ukelele ule sijausikia katika sinema yoyote. Birika lilianguka, kahawa ikamwagika juu ya zulia lote. Wawili walirudi nyuma wakagongana mlangoni, mmoja akakaa chini, mwingine akaanza kusoma Ayatul Kursi, ile aya ya kufukuza mashetani, kwa haraka isiyo na pumzi, kidole amekielekeza kwa Mwalimu. Na Mwalimu, kipande cha papa bado kinaning'inia mdomoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Karibuni," akasema. "Kwani nani kafa?"

Walipoeleweshwa walicheka na kulia pamoja, wakambusu kichwa na mikono, wakamlaani mpwa, wakafuta zulia. Mwalimu alicheka mpaka nikaogopea nyuzi zake. "Kumi juu ya kumi!" alisema. "Miaka yote nawapa watu nne, nne, sita, kumbe kumi nnayo mie!" Aliwakagua kucha. Walikula tende za msiba wake pamoja naye, wakaondoka, na walipopotea getini bado tuliwasikia wakichekana.

Nilitandaza vifaa vyangu. Televisheni ilikuwa bado inaendelea peke yake.

"Zima," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikazima, na chumba kikawa kimya kuliko nilivyowahi kukijua. Hakuchoma udi.

"Ushazikwa saa hizi," alisema.

"Nafikiri hivyo, Mwalimu. Alasiri imepita."

"Wewe uliuona mpaka mwisho. Ulikuwaje?"

Sikutaka kumdanganya. "Ulikuwa mweusi chini, mpaka ubavuni. Vidole viwili vilikuwa vimekufa kabisa. Juu bado ulikuwa mzuri. Ngozi yako ya kawaida."

"Ulikutia kinyaa?"

"Hapana. Sinema ndizo zilinitia kinyaa."

Kisha akasema, pole pole, na sauti yake haikuwa ya kufundisha wala ya kutania, "Mie ulinitia kinyaa. Tangu siku ya lile kaa. Nilikuwa nikiuwaza tu, mate yananijaa. Umenibeba umri wangu wote, umesimama nami darasani mpaka jioni, na siku unakufa sikuutazama. Nimewatazama maiti wa wazungu wote. Wangu mwenyewe kaenda kuzikwa na mtu anayeogopa damu, na mie sijamuaga."

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, na nililia naye. Nilimshika mkono wenye chumvi ya papa, na wala sikuiona shombo.

Alipotulia, alinyoosha kidole kwenye rafu. "Nipe kile."

Nikamletea kioo. Nilidhani anataka kuona ulipokatwa, nikaanza kufungua bendeji. Akanizuia. Alifunua upande wa pili wa blanketi, akavua soksi kwa mkono wake, taratibu, mpaka mguu wa kushoto ukatoka. Mguu wa mzee, una nyufa, kucha nene. Akaingiza kioo chini yake. Na hapo uso wake ukakunjana kama wangu siku zote zile alizonicheka: pua juu, jicho moja limefumba, mdomo umepinda. Nilingoja ageuze macho. Kioo kiligonga kisigino. Hakuyageuza.

"Endelea," nikamwambia. "Katikati ya vidole."

Akaenda katikati ya vidole, kimoja kimoja, akipumua kwa mdomo. Kilipofika kidole cha mwisho akasimama.

"Hapa pana wekundu, Sista. Kadogo, kama punje. Jana kalikuwepo?"

Nikapiga magoti nikatazama. Palikuwa na wekundu kweli, mdogo, wa soksi iliyobana, kitu cha kupaka dawa na kupona.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Ya kesho utaniambia wewe."